Shela

Mvua imetuachia Matema wiki ya pili ya Juni,
na mashua ya utafiti bado imelala kifudifudi
nyuma ya ghala la kakao, imeota ukungu wa kijani
kama mtungi uliosahauliwa mtoni.
Tumekuja saba. Malipo hakuna.
Kuna chai, na wali wa Kyela
unaonukia kabla hujauliza mboga ni nini.

Gwakisa anaparua rangi kwa msasa.
Chini ya buluu kuna nyeupe, chini ya nyeupe buluu nyingine,
kila mwaka umelala juu ya mwenzake bila ugomvi.
Asangalwisye anatia kalafati,
anashindilia pamba kwenye nyufa, patasi na nyundo, tok, tok.
Hasemi na mtu. Ukimsemesha anapoteza ufa.
Vijana wawili wa Ipinda wamefungua injini,
wameanika skrubu juu ya jamvi, kando ya kakao,
na kuku mmoja amekwisha kumeza nati.
Tunamsubiri kuku.

Mimi fundi cherehani. Nimeitiwa wavu,
ule mweupe wa umbo la pia, unaokokotwa majini
kunasa vidudu ambavyo jicho halivioni,
ambavyo usipa huvila, nasi tukala usipa.
Panya wameutafuna masika yote:
karibu na mdomo, tundu la kupita ngumi.
Nikarudi nyumbani, nikafungua sanduku,
nikatoa shela langu la mwaka wa tisini na nane.
Aliyelifunua siku ile yuko Tunduma, ana mji mwingine.
Nikakata. Mkasi haukulia, wala mimi.
Nikashona usiku kucha, mshono wa sisimizi.

Asubuhi wote wakasifu.
Nikamwendea hata Asangalwisye na patasi yake,
nikamuuliza: limependeza?
Akainua kichwa, akasema: limependeza.

Kisha akaja Dokta Tusekile na kioo chake cha kukuzia,
akainamia kiraka changu muda mrefu
kama anayesoma barua ya mtu mwingine.
"Mama Lusajo, umeshona kushinda kiwanda.
Lakini matundu ya shela ni mapana.
Vidogo vitapita, sisi tutaandika havipo,
na miaka kumi na mmoja ya daftari itadanganya."

Nikaona aibu, kisha hasira, kisha njaa.
Hakuna aliyesema neno.
Ziwa lilikuwa linakunja ukingo wake na kuukunjua,
kama mtu anayetafuta pindo la nguo.

Nikafumua.
Kufumua kuna uzito kuliko kushona:
uzi ni ule ule, mkono ndio hautaki.
Tukaukata wavu chini ya tundu, tukaufunga kwenye pete ndogo,
na Dokta akaandika kipenyo kipya ndani ya jalada,
kwa wino, na tarehe, na sababu: panya.
Umepungua, akasema, lakini sasa tunajua umepungua kiasi gani.

Kuku alitoa nati siku ya Ijumaa.
Ikaoshwa, ikafungwa, injini ikawaka mvuto wa tatu,
moshi ukapanda kuelekea Milima ya Livingstone
na mbuzi wa watu wakakimbia.

Jumamosi tukaipindua mashua, tukaisukuma,
sisi saba na wapita njia, na mhubiri aliyevua viatu.
Ilipoelea ilivuja mahali pamoja tu,
kushoto, ubao wa nne,
pale Asangalwisye aliposemeshwa.
Hakusema kitu. Alinitazama,
akachukua pamba, akaingia majini na suruali yake.

Shela lililobaki linachuja chai.
Nimelikunja mara mbili juu ya birika
na majani hayapiti.
Dokta amelionja kazi yake, kikombe kizima, akaomba kingine.
Ndaga, akasema. Hili tuliandike wapi?
Nikamwambia: hili usiandike.
Akaandika.